Mayotte: Kisiwa cha Komoro Kilichobaki Mikononi mwa Ufaransa

Mayotte, ambayo wenyeji huiita Maore, ni mojawapo ya visiwa vinne vikuu vya Komoro, nayo ilikabidhiwa kwa Ufaransa na mtawala wake, Andriantsoly, mwaka 1841. Katika kura ya maoni, yaani kura ambayo wananchi huulizwa jambo mahususi, iliyopigwa Desemba 1974, visiwa vitatu vilichagua uhuru kwa kauli karibu moja, ilhali wapiga kura wengi wa Mayotte walitaka kubaki na Ufaransa, ambayo hatimaye iliyazingatia matokeo kisiwa kwa kisiwa. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likashikilia kwamba koloni halipaswi kugawanywa linapopata uhuru; hata hivyo, mwaka 2011 Mayotte ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Tangu mwaka 1995 Wakomoro wa visiwa vingine hutakiwa kuwa na viza ili waingie Mayotte, na wengi wamezama wakivuka kutoka kisiwa cha Nzwani, umbali wa kilomita 70 hivi, kwa mashua ziitwazo kwasa-kwasa. Mpaka unaowatenganisha ndugu kwa gharama ya maisha yao hauwezi kuitwa suluhisho la haki.