Nafasi za Utafiti wa Uzamivu katika Uhandisi wa Protini: Mabaki ya Mbao ya Mafinga

Makala haya yanafafanua mahali ambapo mtafiti wa uzamivu katika uhandisi na usanifu wa protini anaweza kupata swali la utafiti katika Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Mafinga, wilayani Mufindi, umezungukwa na misonobari na mikaratusi ya Shamba la Miti la Sao Hill, na wilayani humo kipo pia kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Viwanda vya kupasua mbao huacha maranda na vumbi la mbao lenye selulosi, hemiselulosi na lignini. Kuvu na bakteria wana vimeng'enya vya kuvunja viambata hivyo, lakini vingi huharibika katika joto na magadi ya kiwandani. Kazi ya mhandisi wa protini huanzia hapo.

Njia zinazotumika ni mbili. Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alibadili jeni kwa kubahatisha, akachagua protini iliyofanya vizuri, kisha akarudia mzunguko huo. David Baker, aliyetuzwa mwaka 2024 pamoja na Demis Hassabis na John Jumper, husanifu protini mpya kwa kompyuta. Tangu mwaka 2022 hazina ya AlphaFold imetoa bure makadirio ya miundo zaidi ya milioni 200, hivyo hatua ya kukokotoa inaweza kufanyika Iringa. Hata hivyo, protini iliyosanifiwa ni dhana tu hadi itengenezwe na kupimwa maabarani. Pendekezo la utafiti lisiloonyesha maabara ya kipimo hicho lina upungufu wa msingi, hata kama hesabu zake ni nzuri.

Mfano wa karibu unatoka Kenya. Kimeng'enya cha Pulpzyme, kinachopunguza matumizi ya klorini katika kupausha rojo la mbao, kilitokana na kijidudu kilichochukuliwa nchini humo. Mwaka 2007 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na kampuni ya Novozymes ya Denmark zilitia saini mkataba wa kugawana manufaa. Kuiga mada hiyo Mafinga kungekuwa kosa. Karatasi ya kahawia ya mifuko, inayohusishwa zaidi na Mgololo, haihitaji kupaushwa. Aidha, zailanasi hufaa zaidi kwa mikaratusi, ambayo hemiselulosi yake ni zailani. Msonobari una glukomanani nyingi zaidi, hivyo unahitaji mananasi (kimeng'enya, si tunda) inayostahimili joto. Swali hili ni finyu kiasi cha kutosha tasnifu moja, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watafiti wake wamekwisha kuchunguza kuvu wanaomeng'enya lignini, pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ni mahali pa kutafuta msimamizi.

Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia na makubaliano ya umiliki wa sampuli vitangulie ukusanyaji, kwa kuwa mfuatano wa jeni ukishatumwa nje ni vigumu kuurudisha.