Uhai wa Muoni na Suala la Saa ya Kupimia

Miale ya kosmiki, ambayo sehemu yake kubwa ni protoni, hugonga viini vya atomi za hewa yapata kilomita 15 juu ya usawa wa bahari. Migongano hiyo huzaa chembe ambazo huvunjika upesi na kuacha muoni, yaani chembe yenye chaji sawa na ya elektroni lakini nzito kuliko elektroni takriban mara 207. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 tu. Katika muda huo hata nuru huenda meta 660 hivi. Hata hivyo, muoni hufika ardhini kwa wingi.

Tatizo hili lilipimwa kwa uwazi wa kupendeza mwaka 1962 na David Frisch na James Smith nchini Marekani. Juu ya Mlima Washington, kwenye kimo cha meta 1,900 hivi, walichuja muoni kwa rundo la chuma ili zihesabiwe zile tu zenye mwendo wa karibu 0.995 ya mwendo wa nuru. Muoni iliposimama ndani ya kipande cha plastiki ilitoa mmweko. Ilipovunjika ilitoa mwingine. Muda baina ya mimweko hiyo miwili ulionyesha jinsi chembe hizo zinavyopungua zikiwa zimetulia. Kileleni zilihesabiwa 563 kwa saa. Safari ya kushuka hadi usawa wa bahari huchukua zaidi ya mikrosekunde 6, na kwa kasi ile ya kupungua zingetarajiwa kubaki 27 hivi. Kule Cambridge, Massachusetts, ambako chuma kilipunguzwa kwa kuwa hewa ilikwisha kuzipunguzia mwendo, zilihesabiwa 408.

Kwa mujibu wa nadharia mahsusi ya uhusianifu, aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905, saa iliyo katika mwendo huonekana kwenda polepole ikilinganishwa na saa za mtazamaji aliyetulia. Mikrosekunde 6 na ushei za ardhini zilikuwa takriban 0.7 tu kwa muoni.

Hapa ndipo lugha inapoweza kupotosha. Kusema kwamba mwendo huirefushia muoni maisha ni kusema nusu ya jambo. Kwa saa yake yenyewe muoni haiongezewi chochote. Wastani wa uhai wake hubaki mikrosekunde 2.2. Kwa upande wake, ni mlima unaoijia kwa kasi, nao umefupika hadi meta 220 hivi, masafa yanayopitwa kwa mikrosekunde 0.7. Maelezo ni mawili, lakini hesabu ya chembe zinazosalia ni moja. Kwa hiyo istilahi kama "kurefuka kwa muda" ina upungufu iwapo haisemi muda huo umepimwa kwa saa ya nani.

Yawezekana mtu akashuku kwamba hewa ndiyo inayoathiri matokeo hayo. Shaka hiyo haina nafasi katika jaribio la CERN, Geneva, lililochapishwa mwaka 1977. Humo muoni zilizungushwa ndani ya bomba lisilo na hewa, kwa mwendo uliopaswa kupunguza kasi ya saa yao mara 29.3. Uhai wao ulipimwa kuwa mikrosekunde 64.4, ukiafikiana na nadharia kwa tofauti ya takriban sehemu moja katika elfu. Mchapuko mkubwa mno uliohitajika kuzipindisha katika duara haukuonyesha athari yoyote ya ziada.