Chapo ni 70, SMS inasema 700

Saa kumi na mbili jioni Nyeri mjini, baridi ya mlima imeshaanza kushuka, na karibu na steji ya matatu harufu ya chapati ndiyo inakuonyesha njia. Mama anasukuma, anageuza, anapaka mafuta, na foleni haipungui. Zamani, kwa nyumba nyingi huku, chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Leo unakula mbili na madondo ukingoja gari la Karatina.

Mikono ya mama imejaa unga na simu iko kwenye mfuko wa aproni. Matapeli wanapenda saa kama hiyo. Mmoja anakula vizuri, kisha anasema: "Mathe, pole, nimekosea. Nimetuma 700 badala ya 70. Nirudishie 630." SMS imeingia, ina jina, ina saa. Mama anampa taslimu, foleni inaendelea. Usiku akiangalia salio, hiyo 700 haipo.

Tuseme kila chapati inamwachia faida ya shilingi 7. Hiyo 630 ni faida ya chapati 90, na chakula kilicholiwa bure hatujakihesabu.

Kwa hivyo, kama unauza, usiamini SMS pekee. Ujumbe wetu huja kwa jina la huduma, sio kutoka kwa nambari ya mtu. Hata ukionekana sawa, fungua menyu uangalie salio lenyewe. Ujumbe wa uongo hauwezi kuongeza salio.

Na kama pesa imeingia kweli? Bado usitoe taslimu, na usimtumie. Mwambie apigie huduma kwa wateja aombe muamala urejeshwe. Ukimpa mkononi halafu naye aombe kurejeshewa, umelipa mara mbili. Mtu aliyekosea kweli atanuna kidogo, lakini atapiga.

Nawe mteja, soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Nambari ya till iliyoandikwa kwa kalamu kwenye katoni ikinyeshewa, 1 na 7 hufanana. Jina likiwa geni, muulize mama, kwa sababu huenda till iko kwa jina la biashara. Ukishalipa, ngoja apanguse mikono aone pesa imeingia. Chapo haitapoa kwa hizo sekunde chache. Sawa, kwa baridi ya Nyeri mwezi wa Julai, itapoa kidogo.