DAP Siyo Mbolea Tu: Maneno ya Usafirishaji Ambayo Kijana Mkulima Lazima Ayajue Kabla ya Kupakia Mzigo

Leo siongelei viwavijeshi wala kutu ya majani ya kahawa. Leo nataka niwaombe radhi vijana saba, halafu niwafundishe nyote kile ambacho mimi mwenyewe nilichelewa kukijua.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha vijana, huku kwetu milimani, kilivuna maharage mazuri sana. Kikundi kilikuwa na mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo marejesho yalikuwa yanasubiriwa. Walikuwa na tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Mnunuzi wa hapa Mbinga mjini aliwapa bei ya shilingi 2,150 kwa kilo. Siku hiyo hiyo ikaingia meseji ya mnunuzi wa Dar: "2,300 kwa kilo, DAP Dar, net weight, malipo siku 14."

Mwenyekiti wao akanitumia ile meseji. Nikapiga hesabu ya haraka: tofauti ni shilingi 150 kwa kilo, mara kilo 10,000, ni milioni moja na nusu. Nikamjibu, "Bei nzuri hiyo, mdogo wangu. Pigeni kazi." Neno DAP nililiona. Kwangu mimi DAP ni mbolea ya kupandia. Nikadhani jamaa kakosea kuandika, nikapita.

Mwezi uliofuata mweka hazina wao, binti makini sana, akaja ofisini na daftari lake. Hakuja na ugomvi. Aliniuliza swali moja tu: "Bwana shamba, ile DAP maana yake nini hasa?" Sikuwa na jibu. Stashahada yangu ilinifundisha chokaa, viuatilifu na nafasi za kupanda. Haikunifundisha nani analipa lori.

Hesabu ya daftari lile

Twende taratibu, maana somo lote limo humu.

Mauzo waliyotegemea Dar: kilo 10,000 mara 2,300 ni shilingi 23,000,000. Wangeuza Mbinga wangepata 21,500,000.

Lori aina ya Fuso liliwatoza shilingi 140 kwa kilo, yaani 1,400,000. Kupakia walilipa shilingi 1,000 kwa gunia, yaani 100,000. Hapo tayari imetoka milioni moja na nusu. Ile tofauti yote iliyotufurahisha imeishia barabarani. Hata kila kitu kingeenda sawa, faida ya kwenda Dar ilikuwa sifuri!

Lakini mambo hayakwenda sawa. Mzigo ulipopimwa kule ukapungua kilo 120: uzito wa viroba vyenyewe, unyevu uliokauka njiani, na mizani yetu ya hapa kijijini. Hiyo ni shilingi 276,000. Lori likasubiri siku mbili nje ya ghala la mnunuzi, dereva akadai 200,000. Kushusha wakalipa tena 100,000.

Jumla walibaki na shilingi 20,924,000. Ukilinganisha na bei ya hapa nyumbani, wamepoteza shilingi 576,000, na fedha wamezisubiri wiki mbili huku tarehe ya rejesho ikipita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa daftari walikuwa nalo. Walichokosa ni maana ya herufi tatu.

Herufi tatu zinazoamua nani analipa

Baada ya siku ile nilianza kuuliza. Nilimpigia wakala mmoja wa forodha kule Mtwara, nikakaa na karani wa mizigo pale Mbamba Bay, nikasoma. Nikagundua kwamba herufi hizi ni sheria za biashara zilizoandaliwa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris. Zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo linalotumika sasa ni la 2020. Zinaitwa Incoterms, na ziko 11. Huhitaji kuzikariri zote. Anza na hizi tano.

EXW: Mnunuzi anachukua mzigo mlangoni kwako. Kupakia, lori, bandari, meli, vyote juu yake. Wewe kazi yako ni kuuandaa mzigo na kumwambia uko tayari. Bei huwa ya chini, na hatari kwako ni ndogo. Mnunuzi anayekuja na lori lake mpaka shambani anafanya kitu kinachofanana na hiki.

FCA: Unamkabidhi mzigo msafirishaji wa mnunuzi mahali mlipokubaliana, kwa mfano ghala fulani la Songea. Ukishakabidhi, umemaliza. Kama mzigo unaenda nje ya nchi, kibali cha kuutoa nchini ni kazi yako. Kwa mizigo ya kontena, wataalamu wanashauri kutumia hii kuliko FOB.

FOB: Unabeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe ndani ya meli. Ukisikia "FOB Mtwara" maana yake lori la kutoka Mbinga kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi ni lako, na gharama za bandarini kwa upande wa kutoa mzigo ni zako. Nauli ya meli ni ya mnunuzi.

CIF: Wewe unalipa nauli ya meli pamoja na bima mpaka bandari ya mwisho. Hapa pana mtego. Unalipa mpaka mwisho, lakini hatari ya mzigo inahamia kwa mnunuzi tangu pale ulipopakiwa melini. Ndiyo maana bima lazima iwepo, kwa sababu meli ikipata ajali mnunuzi ndiye atakayedai bima hiyo.

DAP: Unafikisha mzigo mpaka mahali palipotajwa, ukiwa bado juu ya lori, tayari kushushwa. Gharama zote za njiani ni zako na hatari zote ni zako. Lakini sikiliza vizuri: kushusha ni kazi ya mnunuzi.

Umeona? Wale vijana walilipa 100,000 ya kushusha ambayo haikuwa yao. Na kama lori lilifika siku waliyokubaliana, likakaa siku mbili kwa sababu ghala la mnunuzi halikuwa tayari, ile 200,000 nayo walikuwa na haki ya kuidai. Shilingi 300,000 zilitoka mfukoni kwa kutojua tu. Mnunuzi hakuwatapeli kwa neno lake, aliandika wazi. Sisi ndio hatukusoma.

Kanuni moja usiisahau: baada ya herufi tatu lazima litajwe jina la mahali. "FOB" peke yake ni kama kumwambia mgeni "karibu kwetu" bila kumtajia kijiji. Andika "FOB bandari ya Mtwara, Incoterms 2020", au "DAP ghala fulani, mtaa fulani, Dar es Salaam".

Uzito una majina matatu

Uzito ghafi ni mzigo pamoja na kifungashio chake. Uzito halisi, ule walioandika "net weight", ni zao peke yake. Uzito wa kifungashio ni kiroba, boksi au kontena lenyewe likiwa tupu. Bei ikiwa kwa uzito halisi, toa viroba kwenye hesabu yako mapema, na mkubaliane mizani ya nani ndiyo itakayolipia: ya kupakilia au ya kushushia.

Lumbesa nayo tuiache. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Ukijaza kilo 130 unajipunja mwenyewe, maana msafirishaji na mnunuzi wote wanahesabu gunia moja.

Pia kuna mizani ya barabarani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Lori linaweza kuwa chini ya jumla hiyo na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umelalia ekseli moja. Kabla ya kupakia, mkubaliane faini ya mzani ni ya nani.

Halafu kuna mizigo mikubwa isiyo na uzito. Ndugu zangu wa Liuli na Lituhi, dagaa wakavu ni mfano mzuri. Wanajaza nafasi lakini mzani hausogei. Kwenye meli za baharini, mzigo usiojaza kontena mara nyingi hutozwa kwa tani moja au mita moja ya ujazo, chochote kilicho kikubwa. Kwenye ndege mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Kwa hiyo pima na urefu, upana na kimo, usipime kilo tu.

Kontena, na siku zinazokula fedha

Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kahawa ya kilo 60, yaani tani 19.2. Kijana mwenye tani mbili hawezi kulijaza peke yake. Ana njia mbili: kuchangia kontena na wengine, ambapo gharama kwa kilo huwa juu na mzigo unaguswa na mikono mingi, au kuungana na wenzake kupitia AMCOS wakajaza moja. Hesabu mara nyingi inaegemea kuungana.

Maneno mawili yanachanganywa sana. Demareji ni tozo ya kontena linalokaa bandarini kupita siku za bure. Ditensheni ni tozo ya kontena ulilotoka nalo, ukachelewa kulirudisha kwa mwenye meli. Zote zinahesabiwa kwa siku, na Jumapili haikuhurumii. Swali la kumuuliza wakala ni hili: "Siku za bure ni ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini?"

Karatasi ni mali

Hati ya shehena inayotolewa na mwenye meli ina kazi tatu. Ni risiti kwamba mzigo umepokelewa, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na mara nyingi ni hati ya umiliki. Aliyeshika hati halisi ndiye anayechukua mzigo. Usimpe mnunuzi hati halisi kabla hujajua fedha yako iko wapi.

Kwenye lori tunatumia hati ya kusafirishia mzigo. Iandikwe idadi ya magunia, uzito, namba ya gari na hali ya mzigo, dereva asaini, na akifika anayepokea asaini pia. Stakabadhi ya ushuru wa mazao iwe kwa dereva, siyo nyumbani kwa mwenyekiti.

Ukivuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, cheti cha uasilia wa bidhaa, na taratibu za forodha za TRA. Kwa mazao ya nafaka kuna kibali cha Wizara ya Kilimo. Anza kuvitafuta kabla mzigo haujafika bandarini, maana ukivisubiri pale, demareji inakusubiri na wewe.

Kwa nini nawaambia haya sasa

Kwa sababu njia zinafunguka. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, imebadilisha safari ambayo zamani ilikuwa adhabu ya masika. Ziwani kuna MV Mbeya II yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, na meli za shehena MV Ruvuma na MV Njombe zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja. Ng'ambo kuna Nkhata Bay. Mashariki kuna bandari ya Mtwara, na mmeyaona wenyewe malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanavyoielekea. Wanunuzi wa mbali watatufuata zaidi, na watakuja na herufi zao.

Hata kwenye kahawa tuwe macho. Mnada wa Moshi hutaja bei kwa dola kwa kilo 50. Soko la New York hutaja kwa senti za dola kwa ratili moja, na kilo 50 ni ratili 110 na ushee. Hiyo ni kahawa safi iliyokobolewa, siyo ile ya maganda uliyoanika nyumbani. Kabla hujapiga kelele kwamba unaibiwa, badilisha kipimo kwanza, toa ukoboaji na usafiri, ndipo ulalamike ukiwa na hesabu mkononi.

Maswali sita kabla ya kusema "sawa"

Moja, bei hii ni ya mzigo ukiwa wapi? Mbili, nani analipa kupakia, lori na kushusha? Tatu, mzigo ukiharibika njiani ni wa nani? Nne, ni uzito gani na mizani ya nani? Tano, lori likisubiri nani analipa, kuanzia saa ngapi? Sita, fedha inaingia lini, na siku zinahesabiwa kuanzia tukio gani?

Wale vijana saba rejesho lao walimaliza kulipa, kwa kuchelewa na kwa kuuza mahindi waliyoyaweka kwa chakula. Hilo linaniuma mpaka leo. Juzi mweka hazina wao alinitumia meseji ya mnunuzi mwingine: "2,480 DAP Songea." Chini yake alikuwa ameshaandika maswali yote sita, na mbele ya swali la pili ameweka jibu la mnunuzi: kushusha ni kwake.

Safari hii sikumjibu haraka. Nilikwenda kijijini na kikokotoo, tukakaa chini tukapiga hesabu pamoja.

Meseji ya bei ikikufikia na neno usilolielewa, usione aibu kuuliza. Mimi niliona aibu, na waliolipa ni wengine.

Tukutane shambani.