Kambi Nyeusi na Kambi ya Kijani: Je, Mshabiki Aweza Kuwa Mwamuzi?

Vijana wa Butembo na Beni wakikusanyika mahali pa kuchajia simu, au mbele ya duka lenye jenereta, si kila ubishi wao ni wa mpira. Wako wabishanao juu ya ufalme usiokuwako duniani. Mmoja asema malkia amedhulumiwa. Mwenzake ajibu kwamba mwenye haki ni ndugu yake, mfalme kijana. Sauti hupanda, mikono hurushwa hewani, na mzazi apitaye njiani hustaajabu: huyo Rhaenyra ni nani, na huyo Aegon amezaliwa mtaa gani?

Wasomaji wapendwa, tusiwacheke upesi. Ubishi huo haukuzaliwa kwetu, wala si wa watoto watupu. Watu wazima wa nchi nyingi wamegawanyika vivyo hivyo, nao wamejiita kwa majina mawili: Kambi Nyeusi na Kambi ya Kijani. Yafaa sisi wazazi na walimu tujue kisa chenyewe, kwa maana mtu hawezi kumwongoza kijana katika jambo asilolijua.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo waitwa House of the Dragon, nao ulitengenezwa na kampuni ya televisheni ya Marekani iitwayo HBO. Sehemu yake ya kwanza ilionyeshwa tarehe 21 Agosti 2022, na huko Marekani peke yake watu karibu milioni 10 waliitazama siku ile. Fungu la pili, lenye sehemu 8, lilianza tarehe 16 Juni 2024. Hadithi imetolewa katika kitabu Fire & Blood cha George R. R. Martin, kilichochapishwa mwaka 2018. Ndiye yule yule ambaye vitabu vyake vilizaa mchezo wa Game of Thrones, ulioonyeshwa tangu 2011 hata 2019.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Mfalme Viserys hana mwana wa kiume aliye hai. Amteua binti yake, Rhaenyra, kuwa mrithi, na wakuu wa nchi wapiga magoti na kuapa kumtii. Baadaye mfalme aoa mke mwingine, Alicent, aliyekuwa rafiki wa huyo binti. Naye amzalia wana wa kiume, wa kwanza akiitwa Aegon. Miaka yapita, mfalme augua. Usiku wa kufa kwake anena maneno ya ndoto ya kale iliyomhusu Aegon mwingine, babu wa ukoo. Alicent adhani anamtaja mwanawe. Kisha kijana avikwa taji, na vita vya ndugu vyaanza. Jamaa hao wapanda majoka yarukayo na kutema moto. Kwa hiyo wakikosana wao, nchi nzima huungua.

Majina ya kambi yametokana na mavazi. Katika karamu moja Alicent aliingia amevaa kijani kibichi, rangi ya moto uwashwao katika mnara wa ukoo wake unapowaita watu vitani. Wafuasi wa Rhaenyra wakachukua rangi nyeusi ya ukoo wake.

HOJA ZA KILA UPANDE

Tuwatendee haki washabiki: hoja zao si za kipuuzi.

Wa Kambi Nyeusi husema: mfalme alinena, wakuu wakaapa, wala mfalme hakulirudisha neno lake kwa miaka ipatayo 20. Kiapo si nguo ya kuvua jua likiwaka. Tena, kama wale wengine walikuwa na haki, kwa nini walipanga mambo yao kwa siri, na kwa nini mshauri mzee aliyewakumbusha kiapo aliuawa pale pale mezani?

Wa Kambi ya Kijani hujibu: desturi ya nchi yamtanguliza mwana mbele ya binti. Viserys mwenyewe aliupata ufalme kwa desturi hiyo, kwa kuwa baraza kuu la wakuu lilimchagua yeye na kumwacha Rhaenys, binti wa ndugu mkubwa wa baba yake. Kama mwanamke aweza kurithi, basi Viserys hakuwa mfalme wa haki, na neno lake halina nguvu. Waongeza kwamba wana wakubwa wa Rhaenyra hawakuzaliwa na mume wake, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyethubutu kulisema.

Hoja hii ya pili yataka akili kuijibu. Mimi naona kiapo kina uzito kuliko desturi, kwa sababu desturi haina mwenyewe, bali kiapo kina mtu aliyekitoa. Lakini nakiri kwamba mtu mwaminifu aweza kuona vingine.

Isitoshe, jambo kama hilo limetokea kweli. Martin amesema wazi kwamba aliazima kisa chake katika historia ya Uingereza. Mwaka 1120 mwana wa pekee wa ndoa wa Mfalme Henry wa Kwanza alikufa maji merikebu ilipozama. Mfalme akamteua binti yake Matilda, na mwaka 1127 wakuu wakaapa kumtii. Mfalme alipokufa mwaka 1135, mpwa wake Stephen, mmoja wa wale walioapa, alikimbilia taji kabla ya Matilda kufika. Vita viliendelea miaka mingi. Mashamba yakaachwa, makanisa yakaporwa. Mwaka 1153 walipatana hivi: Stephen atawale hata kufa, kisha arithiwe na mwana wa Matilda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka uliofuata. Msomaji aulize: je, patano hilo halingeweza kufanywa miaka 18 mapema, wakati waliokufa walipokuwa hai?

MAKOSA MATATU YA MSHABIKI

Kupenda upande mmoja wa hadithi si kosa. Hata bibi zetu waliposimulia hadithi karibu na moto, mtoto gani hakumpenda mnyama mdogo mwenye werevu? Lakini ushabiki una makosa yake, na mchezo huu wayaonyesha vizuri.

Kosa la kwanza ni kuwa na mizani mbili. Katika mchezo, Lucerys, mwana wa Rhaenyra, angali mtoto, alimtoboa jicho Aemond, mwana wa Alicent. Miaka ikapita, Aemond akamfukuza Lucerys angani, na joka lake likamtafuna. Kisha wauaji wa Kambi Nyeusi waliingia usiku katika jumba la mfalme kumtafuta Aemond. Walipomkosa, walimchinja mtoto mdogo wa Aegon kitandani. Naye Aegon, asiyejua mwuaji ni yupi miongoni mwa wawinda panya wa jumba, aliwanyonga wote. Sasa wasikilize washabiki. Wa Kambi Nyeusi husema, “Lucerys aliuawa kikatili, yule mtoto ilikuwa bahati mbaya.” Wa Kambi ya Kijani husema, “Mtoto aliuawa kikatili. Lucerys ilikuwa ajali.” Wale wawinda panya hawana mshabiki hata mmoja. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kosa la pili ni kuchanganya maswali mawili. Nani mwenye haki ya kiti? Hilo ni swali moja. Je, yafaa kumwua mtoto? Hilo ni la pili, na jibu lake halibadiliki kwa kutegemea la kwanza. Mwenye haki ya kiti aweza kutenda udhalimu, naye akitenda hivyo, haki yake ya kiti haimsafishi.

Kosa la tatu ni kumwamini shahidi kwa sababu ni wetu. Hapa kitabu chashinda picha. Martin amekiandika kana kwamba ni tarikhi iliyotungwa na mtaalamu aliyeishi baadaye, akitegemea mashahidi wasiopatana. Mmoja, kasisi wa jumba, huelekea Kambi ya Kijani. Mwingine, mchekeshaji wa Rhaenyra, hupenda kusimulia machafu yote aliyoyasikia. Msomaji ni lazima apime: huyu alikuwapo? Apata faida gani? Ni somo jema la historia, bora kuliko mengine niliyoyaona darasani.

Wenye mchezo wanajua sana nguvu ya ushabiki. Mwezi wa Machi 2024, kabla ya fungu la pili, HBO walitoa picha mbili za kulitangaza siku moja, moja ya kila kambi, na kuwataka watazamaji wachague upande. Biashara ilifanikiwa, kwa maana mtu aliyekwisha kuchagua kambi hawezi kukosa kutazama.

SI JAMBO GENI

Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wakumbuka mwezi wa Desemba 1997, kundi la Wenge Musica lilipovunjika huko Kinshasa. Kongo nzima ikagawanyika: wa Werrason huku, wa JB Mpiana huko, na marafiki waliosikiliza kanda moja jana wakatukanana leo. Zamani zaidi, mwaka 532, katika mji wa Constantinople, walikuwako washabiki wa mashindano ya magari ya farasi, nao walijiita kwa rangi: Buluu na Kijani. Ushangiliaji wao uliingiwa na siasa, maasi yakazuka, mji ukachomwa moto. Askari wa Kaisari Justinian wakawafungia uwanjani, na Procopius, mwandishi wa siku zile, asema watu 30,000 waliuawa. Walikuwa wameanza kwa kushangilia farasi.

Nasi hapa tumeona nini? Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ilianzia upande wa Mangina na Beni, kisha ikafika Butembo. Mara watu wakawa kambi mbili: wasemao ugonjwa upo, na wasemao ni biashara ya wakubwa. Mwezi wa Desemba uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, sababu ikitajwa kuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Shaka ikaongezeka, wala haikuwa shaka isiyo na chanzo. Lakini katika ubishi ule wengi waliacha kuuliza, “Kweli ni ipi?” wakauliza tu, “Wewe u wa upande gani?” Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kutusaidia, aliuawa kwa risasi Butembo, hospitalini. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ebola haikumwuliza yeyote kambi yake.

Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa eneo la Beni wamezika watu wao waliochinjwa usiku. Katika nchi kama hiyo, neno “yule ni wa upande wao” si neno la mchezo; limekwisha kuwaua watu wasio na hatia. Ndiyo maana namna kijana anavyobishana juu ya majoka yanihusu mimi mwalimu. Ulimi uliozoea kumtetea mwuaji wa hadithini kwa kuwa ni wetu, utafanya nini siku mwuaji atakapokuwa wa kweli, naye ni wetu?

WAZAZI WAFANYE NINI?

La kwanza, watoto wadogo wasiutazame mchezo huu. Umetengenezwa kwa watu wazima. Una damu nyingi na mambo ya aibu. Mzazi asiyejua kilichomo katika simu ya mtoto wake asijisifu kwamba amelea.

La pili, kwa vijana wakubwa, kukataza peke yake hakufai, maana kadi ya simu ni ndogo kuliko ukucha. Keti nao, uulize. Wazee wetu walipoketi katika kyaghanda kuamua shauri, walisikiliza pande zote mbili kabla ya kukata neno. Nasi seminarini tulifundishwa kanuni moja: usimpinge mwenzako mpaka umeyarudia maneno yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakiri, “Naam, ndivyo nisemavyo.” Mwambie kijana wa Kambi Nyeusi atetee Kijani kwa dakika tano, kisha wabadilishane. Atakayeshindwa hajaujua ubishi wake mwenyewe.

La tatu, mwulize juu ya wasiotajwa. Nani aliwazika wawinda panya? Nani analima shamba lililochomwa na joka? Vijana wetu wengi wamewaona wakimbizi wakifika Lubero na Butembo mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka. Majibu ya maswali hayo wanayo tayari. Hawajaombwa tu kuyatoa.

Katika fungu la pili mna sehemu ambayo ningependa kila kijana wa kwetu aitazame kwa makini, maana sisi tu watu wa mashamba na twajua ugomvi wa mipaka. Vijana wa koo mbili jirani, Bracken na Blackwood, wagombana juu ya mawe ya mpaka wa malisho. Watukanana, wasukumana, mmoja achomoa upanga. Kisha picha yabadilika, nasi twaona bonde zima limejaa maiti. Vita vyenyewe havionyeshwi. Basi mwulize mwanao: kati ya kusukumana na maiti, ni nani angaliweza kusema neno, na neno gani? Akijibu vema, mwache aendelee kuishangilia kambi yake.