Jengo Refu Mbele ya Uzito na Mtikisiko

Aghalabu watu hudhani kwamba kadiri jengo linavyorefuka ndivyo hatari yake inavyozidi. Dhana hiyo ilikanushwa katika mji wa Mexico City tarehe 19 Septemba 1985. Siku hiyo tetemeko la ardhi liliua maelfu ya watu na kuangusha majengo mengi, hasa yale ya orofa 6 hadi 15. Nyumba nyingi za kale zenye orofa chache zilisalimika, na jengo la Torre Latinoamericana, lenye orofa 44, likabaki limesimama. Ili kufahamu jambo hili, yafaa kupambanua aina mbili za mizigo inayobebwa na jengo.

Ya kwanza ni mizigo tuli, yaani uzito wa kuta, sakafu, samani na watu. Uzito huo hutoka sakafuni ukaingia katika boriti, kisha katika nguzo, na hatimaye katika msingi, ambao huukabidhi ardhi. Nguzo za chini hubeba jumla ya vyote vilivyo juu yake, na kwa sababu hiyo huwa nene zaidi. Hapa linaloulizwa ni kiasi cha mzigo.

Ya pili ni mizigo badilifu, kama ile ya dhoruba na matetemeko. Katika hii, wakati nao hauna budi kuhesabiwa. Kila jengo lina mwendo wake wa asili: likisukumwa kisha likaachwa, huyumba kwenda na kurudi kwa muda maalumu. Kwa makadirio, jengo la orofa 10 huchukua yapata sekunde 1, na lililo refu zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Mfano wake ni mtoto aliye kwenye pembea. Anayemsukuma kila pembea inaporudi humpeleka juu kwa nguvu kidogo. Anayesukuma ovyo hujichosha bure.

Sehemu kubwa ya Mexico City imejengwa juu ya udongo mwororo wa ziwa la kale. Tetemeko la 1985 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini. Mawimbi yake yalipoingia katika udongo huo yalikuzwa, na ardhi ikayumba mara moja kwa kila sekunde 2 hivi. Majengo ya orofa za wastani yalikaribia mwendo huo. Yalipopata nyufa yalilegea, muda wa kuyumba kwake ukarefuka, yakazidi kulandana na ardhi. Mwishowe nguzo zilishindwa kustahimili hata ule uzito tuli zilioubeba kwa miaka. Nyumba fupi ziliyumba upesi kuliko ardhi. Torre Latinoamericana, lililokamilika mwaka 1956 kwa kiunzi cha chuma, liliyumba polepole zaidi.

Baada ya msiba huo kanuni za ujenzi za mji zilirekebishwa. Tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko jingine, lililoanzia karibu zaidi, lilileta mitikisiko ya haraka zaidi, na safari hii majengo mafupi kuliko yale ya 1985 ndiyo yaliyoathirika sana. Mengi ya yaliyoanguka yalikuwa yamejengwa kabla ya marekebisho hayo.

Ni dhahiri basi kwamba usalama wa jengo hautokani na urefu wala ufupi wake. Mhandisi hana budi kuupima udongo na kujua mwendo wake kabla ya kuamua idadi ya orofa.