Dereva Anapokimbia: Haki ya Mwendesha Toleka Mbele ya Mungu na Mbele ya Sheria

Hapa Kisangani baiskeli si chombo cha mchezo. Ni kazi, ni ada ya shule ya watoto, ni njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Tunaiita toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite». Wakati wa vita, petroli ilipokosekana na magari yakawa machache, toleka ndizo zilizobeba mji huu. Leo pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini toleka bado zipo: zinabeba makala, mihogo na bidoni za mafuta ya mawese kuelekea masoko ya Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo.

Mwendesha toleka hupita ukingoni mwa lami, pale inapokatika. Mara nyingi hana taa wala kioo cha kuona nyuma. Lori likimpiga na dereva akaongeza mwendo, mtu huyo anabaki chini na maumivu, na deni la hospitali, na swali moja: nani atanijibu? Makala hii inajaribu kueleza Neno la Mungu linasema nini juu ya swali hilo, sheria ya nchi yetu inasema nini, na kanisa linaweza kufanya nini.

Si shida ya Kisangani peke yake. Shirika la Afya Duniani (OMS), katika ripoti yake ya 2023, lilihesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka katika ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni wasio na bati la kuwakinga: watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Na vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Kwa nini dereva hukimbia?

Tusiseme haraka kwamba ni ukatili tu. Wapo wanaokimbia kwa sababu wamelewa, au hawana leseni, au bima ya gari imekwisha. Wapo wanaokimbia kwa sababu gari ni la bosi na wanaogopa kupoteza kazi. Wapo wanaojua kwamba aliyeanguka ni maskini na hakuna atakayewatafuta. Lakini wapo pia wanaokimbia kwa hofu ya mawe na moto. Tumeona jinsi watu wanavyojikusanya dakika chache baada ya ajali, na jinsi ile tunayoiita haki ya umati inavyoweza kumuua mtu kabla hata jina lake halijajulikana.

Kwa hiyo umati unaotaka kulipiza kisasi unawafundisha madereva kukimbia, na dereva anayekimbia anaufundisha umati kutomngoja hakimu. Mwisho wake aliyeumia hapati chochote. Dereva aliyeuawa halipi fidia, na aliyepotea halipi pia.

Biblia iliona jambo hili

Torati haikujua malori, lakini ilijua watu wanaoua bila kukusudia. Katika Hesabu 35, Mungu anaagiza miji ya makimbilio. Aliyeua bila kukusudia alikimbilia huko ili mlipiza kisasi asimwue kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Tuangalie vizuri: mji wa makimbilio haukuwa mahali pa kujificha na hukumu. Ulikuwa mahali pa kuingojea hukumu ukiwa hai. Kuna kukimbia kuelekea haki, na kuna kukimbia ili usionekane tena. Dereva anayeogopa umati akaenda moja kwa moja kituo cha polisi na kusema «nimempiga mtu mahali fulani, mtumie msaada», huyo amekimbilia mji wa makimbilio. Anayevuka daraja la Tshopo, akaosha gari na kunyamaza, huyo ametoroka.

Kutoka 21 kina mafundisho mawili zaidi. La kwanza: mtu akimwumiza mwenzake hata akalala kitandani, anapaswa kumlipa siku za kazi alizozipoteza na kumtibu mpaka apone. Si dawa tu, na siku za kazi pia. Kwa mwendesha toleka anayekula jioni kile alichopata mchana, tofauti hii ni kubwa sana. La pili: mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba mnyama wake hupiga watu, naye asimzuie, anabeba hatia ng'ombe akiua. Mwenye lori anayejua kwamba breki hazishiki, au kwamba dereva wake hunywa, asome sura hiyo polepole.

Na Kumbukumbu la Torati 21 linagusa hasa wetu wanaokutwa wamekufa kando ya njia, na aliyewaua hajulikani. Wazee walipaswa kupima umbali hadi mji ulio karibu, na wazee wa mji huo kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo. Hawakuruhusiwa kusema «hatumjui, si kazi yetu». Damu isiyo na mwenyewe ilikuwa ya mji mzima.

Sheria ya Kongo inasema nini

Washirika wengi hudhani kwamba mtu akipigwa barabarani ni bahati mbaya, basi. Sivyo. Kanuni ya barabara ya nchi yetu ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kukimbia baada ya ajali ni kosa lenyewe, mbali na kosa la kugonga. Hata dereva ambaye hakuwa na hatia katika ajali anakuwa na hatia akitoroka.

Kanuni ya adhabu, kitabu cha pili, vifungu 52 hadi 54, inahusu kuua au kuumiza kwa kukosa uangalifu. Kifungu cha 53 kinaweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 na faini kwa aliyesababisha kifo. Kifungu cha 54 kinaweka siku 8 hadi mwaka 1 na faini kwa aliyesababisha majeraha. Kanuni hiyo pia inamwadhibu anayekataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini, hali angeweza kumsaidia bila hatari kwake au kwa wengine. Hilo linatuhusu sisi wapita njia pia. Kuhani na Mlawi wa Luka 10 wangekuwa na maswali ya kujibu mbele ya parke.

Kuhusu fidia, vifungu 258 hadi 260 vya kanuni ya madeni na mapatano (kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia) vinamtaka aliyeleta hasara airudishe, na vinambana pia mwajiri kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo dereva akiwa hana kitu, mwenye gari anaweza kudaiwa. Bima ya gari ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya bima ya 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Maana yake ni kwamba namba ya plaki si kitu kidogo. Kupitia plaki anapatikana mwenye gari, na kupitia mwenye gari inapatikana bima.

Wakati nao una mipaka. Kosa ambalo adhabu yake haizidi mwaka 1 haliwezi tena kushtakiwa baada ya mwaka 1. Lile lisilozidi miaka 5, baada ya miaka 3. Basi familia ya aliyevunjika mguu isikae miezi kumi na miwili ikingoja ahadi za mdomo za «tutawasaidia». Wakati ukipita, mlango wa kesi ya jinai unafungwa.

Mambo ya kufanya

Kwanza, uhai. Mwite mwenye gari au pikipiki ampeleke majeruhi hospitalini. Ukishuku shingo au mgongo umevunjika, msimwinue ovyo wala kumkalisha juu ya pikipiki. Mlazeni juu ya ubao.

Pili, mtu mmoja aandike namba ya plaki, rangi ya gari, maandishi ya ubavuni, saa na upande lilikoelekea. Chukueni majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu kabla hawajatawanyika. Pigeni picha za mahali na za baiskeli.

Tatu, mlinde dereva aliyesimama. Hili ni gumu, lakini kijana wa kanisa anayesimama kati ya dereva na umati anailinda pia fidia ya aliyeumia.

Nne, polisi wa barabarani wafike au wafuatwe, na PV iandikwe. Ombeni kujua namba yake. Hospitalini ombeni cheti cha daktari, na tunzeni kila karatasi ya malipo.

Tano, familia inaweza kupeleka malalamiko parke, au kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya tribunal de paix, na kudai fidia katika kesi hiyo hiyo. Mapatano kati ya jamaa yanaruhusiwa, na mara nyingi yanasaidia, lakini yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi, na yasihesabu dawa za wiki ya kwanza tu. Na ijulikane kwamba mapatano hayo hayafuti kosa mbele ya serikali.

Msamaha si kifuniko

Wachungaji huitwa mara nyingi kuombea amani kati ya pande mbili. Ni kazi njema. Lakini tujihadhari tusitumwe na mwenye gari kwenda kumwambia mama mjane asamehe ili mambo yaishe. Katika Hesabu 5, mkosaji anaungama, anarudisha yote, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo hakusema mbele ya Bwana «nisameheni» tu. Alitaja kiasi atakachorudisha. Msamaha ni wa aliyeumia kuutoa. Fidia ni ya mkosaji kuilipa. Moja hailipii nyingine.

Sisi wa Kisangani tunajua jambo hili kuliko wengine. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu kwa siku sita mwezi wa Juni 2000, tulizika watu wetu. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya hasara za vita zile. Hatukuona kwamba kudai malipo ni kukosa imani. Basi tusimwambie mwendesha toleka kwamba yeye akidai ana roho ya kisasi.

Kazi ya parokia zetu

Tuanze nyumbani: magari na pikipiki za kanisa ziwe na bima, breki na taa. Mzee wa kanisa anayemiliki lori aulizwe habari za dereva wake kama anavyoulizwa habari za zaka. Idara ya diakonia itenge kiasi kidogo kwa saa za kwanza hospitalini. Mwanasheria au mwanafunzi wa sheria aliye kati yetu asaidie familia kuandika malalamiko. Vijana wanaweza kugawa vipande vya plastiki vinavyong'aa usiku, vifungwe nyuma ya toleka. Na Jumapili ya tatu ya Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka 2005 kuwakumbuka waliokufa barabarani, tuwataje wetu kwa majina katika ibada.

Na kwa dereva anayesoma haya akijua kuna mtu alimwacha chini: mji wa makimbilio bado uko wazi. Nenda na mchungaji wako kituo cha polisi. Mbeba makala uliyemwacha anahitaji mguu wake, baiskeli yake na ukweli wako. Bwana akupe nguvu za kurudi.